Mafundi wa Video Simiyu, Acheni Kurenda Wimbo Mmoja Mara Tatu

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Nina kisa kinachozunguka vijiweni hapa Bariadi, na ukikisikiliza vizuri utaona kinahusu hela za watu.

Kuna msanii mmoja wa nyimbo za asili, jina kapuni, ila kama unakaa Bariadi, Itilima au Maswa lazima umeshamsikia kwenye spika ya bodaboda. Katoa video mpya. Picha kali, ngoma kali, wachezaji wamependeza. Tatizo liko chini ya video, pale panapoandikwa jina lake na namba ya simu ya kumkodi. Namba imekosewa tarakimu moja kati ya zile 10. Mtu anayetaka kumwita kwenye harusi anapiga, anapokea mama mmoja ambaye hata wimbo wenyewe haujui. Na jina lake, linaloanza na Ng'w, limeandikwa bila ile alama inayokaa kwenye neno ng'ombe, kwa hiyo limekuwa jina la mtu mwingine kabisa.

Kinachoniuma ni kwamba kosa lilionekana kabla video haijatoka. Mzee aliliona mwenyewe pale studio, akamwambia fundi. Fundi akamjibu, "Mzee, hapo haiwezekani tena, nimesharenda. Tukianza upya ni siku mbili, na itabidi uongeze hela." Mzee alikuwa na shoo imekaribia, akakubali yaishe. Wimbo ukatoka na kosa lake.

Sasa ngoja niseme ukweli, na najua kuna watu watanuna. Kubadilisha tarakimu moja kwenye video si kazi ya siku mbili, wala haihitaji mteja aongeze hela. Inakuwa ya siku mbili kwa sababu ya namna mafundi wetu wengi wanavyofanya kazi, na hiyo namna inaweza kubadilika bila kununua kompyuta mpya.

KWANINI NAMBA YA SIMU SI JAMBO DOGO

Wasioijua biashara hii ya nyimbo za Kisukuma wanadhani hela ipo YouTube. Ipo, ila kwa msanii wa kawaida wa huku hela kubwa iko kwenye mialiko: harusi, sherehe za vijijini, minada, mashindano ya ngoma. Na msimu wake unajulikana. Ununuzi wa pamba hufunguliwa kuanzia mwezi wa 5, watu wanapata hela, harusi zinafuatana mpaka mvua zinakaribia. Ndani ya miezi hiyo michache msanii anatafuta hela ya mwaka mzima. Video ndiyo inayomtangaza, na namba iliyo kwenye video ndiyo ofisi yake.

Utasema si abadilishe namba kwenye maelezo ya YouTube. Sawa, maelezo yanabadilika. Lakini YouTube haikuruhusu kuitoa video uliyopandisha na kuweka nyingine mahali pake ukabaki na linki ileile na watazamaji walewale. Ukifuta unaanza na sifuri. Halafu, mashabiki wangapi wa Meatu ndani kule wanasoma maelezo ya YouTube? Wengi wanapelekewa wimbo kwenye memori kadi au fleshi pale kibandani wanapoingiziwa nyimbo, au wanarushiana kwa simu. Kule hakuna maelezo. Kuna video tu, na namba iliyoandikwa juu yake. Ikikosewa, imekosewa milele.

TATIZO LIKO WAPI

Ukikaa pembeni ya fundi wa kawaida akiwa kazini utaona hivi. Anakata wimbo kwenye Premiere Pro. Akimaliza anarenda, anapata MP4. Anaichukua ile MP4 anaipeleka After Effects kuweka jina linalong'aa, namba na mbwembwe nyingine. Anarenda tena. Ile ya pili anairudisha Premiere kuweka logo ya studio na kurekebisha rangi. Anarenda mara ya tatu. Hapo ndipo mteja anaitwa kuangalia.

Fanya hesabu. Video ya picha 25 kwa sekunde, wimbo wa dakika 4, hizo ni picha 6,000. Jina na namba vinaonekana labda sekunde 5 mwanzoni, yaani picha 125. Kurekebisha picha 125, huyu fundi analazimika kuzipitisha zile 6,000 After Effects upya, halafu azipitishe tena Premiere upya. Umeme ukikatika katikati, ile MP4 iliyofika asilimia 90 haifunguki, anaanza mwanzo. Ndiyo maana anasema siku mbili. Hadanganyi. Kajifungia mwenyewe ndani halafu ufunguo kautupa nje.

Na hasara si muda tu. Kila ukitoa MP4, kompyuta inatupa sehemu ya taarifa za picha ili faili liwe dogo. Mara ya kwanza jicho halioni. Mara ya pili na ya tatu linaanza kuona, hasa kwenye vitu vinavyocheza haraka. Na ngoma zetu ni nini kama si vitu vinavyocheza haraka? Miguu, manyoya, shanga, na lile vumbi la uwanjani. Vumbi ndilo la kwanza kufa. Linageuka vijiboksi vijiboksi. Halafu ukipandisha YouTube, na wao wanaiminya tena upande wao. Shabiki anasema kamera ya huyu jamaa mbovu. Kamera haina kosa.

Sisi watu wa Simiyu tunalijua hili kwa mfano wa nyumbani. Mkoa wetu ndio unaoongoza kwa pamba Tanzania, na kila siku tunalalamika kwamba pamba inatoka ghafi halafu inaturudia ikiwa shati la bei mbaya. Kwenye video tunafanya yaleyale. Msanii anashutiwa hapa Bariadi, kwenye vumbi letu, na wachezaji wetu, akipata vijihela kidogo anabeba picha zake anapeleka Mwanza au Dar zikamaliziwe huko. Anarudi na video safi na risiti nene. Ukimuuliza kwanini, anakwambia wa huku ukimwambia rekebisha anakuwa mkali. Hela iliyotakiwa ibaki hapa imeshapanda basi.

NJIA IPO, NA NI YA ZAMANI

Kinachoshangaza ni kwamba dawa ya tatizo hili ipo tangu mwaka 2006. Adobe walipotoa furushi lao la Production Studio waliweka kitu kinaitwa Dynamic Link. Kazi yake ni kuziunganisha Premiere na After Effects ziongee zenyewe, bila wewe kurenda katikati.

Inafanyika hivi. Upo Premiere, umeshakata wimbo wako. Kile kipande kinachotaka mbwembwe unakibonyeza kulia, unachagua Replace with After Effects Composition. After Effects inafunguka yenyewe na kipande kipo ndani. Unaipa projekti jina, unaihifadhi, unaweka jina la msanii na namba yake. Ukirudi Premiere unaikuta kazi imeshakaa mahali pake. Hujarenda chochote. Mzee akisema tarakimu ya mwisho ni 6 na wewe umeandika 9, unarudi After Effects, unabadilisha, unahifadhi. Premiere inabadilika yenyewe. Unarenda mara moja tu, mwishoni, mteja akiwa ameshatikisa kichwa.

Kwa upande wa Photoshop ni rahisi zaidi. Ukiingiza faili la PSD kwenye Premiere badala ya kulitoa kama picha ya kawaida, kila ukilirekebisha Photoshop na kulihifadhi, kule Premiere linajibadilisha. Logo ya studio, picha ya bwana harusi, tangazo la mdhamini, vyote vinafaa kwenda hivi.

Na kuna nyingine ambayo naona inawafaa sana studio zenye vijana wengi. Tangu 2017 unaweza kutengeneza kiolezo cha maandishi ndani ya After Effects, ukaacha wazi sehemu za jina na namba tu, ukakitoa kama faili la MOGRT. Bosi anatengeneza mara moja. Dogo aliyeko kwenye Premiere anaandika jina na namba kama anavyoandika meseji, mbwembwe zinabaki zilezile, wala hahitaji kuijua After Effects. Hakikisheni tu fonti ileile imewekwa kwenye kompyuta zote mbili, la sivyo itabadilika sura.

"KOMPYUTA YANGU HAIWEZI"

Hii ndiyo sababu ninayoisikia kuliko zote, na siidharau. Ni kweli kuunganisha kunakula RAM, kwa sababu programu mbili nzito zinafanya kazi kwa pamoja. Adobe wenyewe wanapendekeza GB 16 kwa video za HD na GB 32 kwa 4K. Mashine za GB 8 zilizojaa mtaani zitahema.

Ila kuhema hakumaanishi kushindwa. Nani kakwambia uunganishe wimbo mzima? Unganisha zile sekunde 5 za jina na namba. Zingine ziache Premiere. Na zile sekunde 5 zikiwa nzito, bonyeza kulia uchague Render and Replace. Premiere inakutengenezea faili la kile kipande peke yake, mashine inapumua. Siku mteja akirudi na marekebisho, unachagua Restore Unrendered na uzi wako unarudi ulivyokuwa. Hiyo ni tofauti kubwa sana na kuwa na MP4 ambayo huwezi kuingia ndani yake.

Wapo wanaosema njia ya kurenda katikati ni nzuri mradi usitumie MP4, utumie ProRes. Kweli, ProRes haiharibu picha kwa kiasi cha kuonekana. Lakini ProRes 422 ya HD inakula kama GB 55 kwa saa moja. Harusi ya saa 4 ni GB 220. Nani ana diski hizo hapa mjini kwa kila harusi ya Jumamosi? Na bado tarakimu ikikosewa unarenda tena.

Sababu ya pili ni kwamba linki zinakatika. Hii nayo ni kweli, kamba hukatikia pabovu, na pabovu pa mafundi wetu panajulikana. Picha ziko Desktop, muziki uko Downloads, logo iko kwenye fleshi ya mshikaji, After Effects imehifadhiwa kwenye memori kadi ambayo kesho inaformatiwa kwa ajili ya kipaimara. Halafu Premiere ikitoa lile bango jekundu la Media Offline unasema programu mbovu. Weka folda moja kwa kazi moja, ndani yake folda za picha, sauti, maandishi na projekti. Vitu viingie humo KABLA hujaviingiza kwenye programu, na vikishaingia usivihamishe. Ukitumia diski ya nje, kumbuka Windows inaweza kuipa herufi nyingine kesho, leo E kesho F, na linki zote zikapotea njia. Ipe herufi ya kudumu au uielekeze upya kwa Link Media, faili moja likipatikana na mengine ya folda hiyo yanafuata.

Sababu ya tatu hawaisemi kwa sauti, nitaisema mimi. Programu nyingi hapa mtaani ni za kuchakachua, kila moja imetoka kwa mtu wake. Premiere ya mwaka huu na After Effects ya miaka mitatu nyuma hazisalimiani. Dynamic Link inataka zilingane matoleo. Unakuta mtu anasema "mimi hiyo kitu kwangu haipo" kumbe kaoanisha babu na mjukuu.

Kama malipo ya kila mwezi ya Adobe huyawezi, na wengi hatuyawezi, kuna DaVinci Resolve ambayo toleo lake la bure ni la halali kabisa na linatoa video mpaka za Ultra HD. Kuanzia toleo la 15 la mwaka 2018, Fusion ya kutengenezea mbwembwe imo ndani yake, pamoja na rangi na sauti. Hapo huna hata cha kuunganisha, vyumba vyote viko nyumba moja, unatoka kimoja unaingia kingine. Inataka kadi nzuri ya picha, hilo lazima useme. Na kama umeshakata Premiere ukataka rangi za Resolve, unatoa XML. Mikato na mpangilio vinafika salama. Efekti nyingi zinabaki njiani, kwa hiyo mbwembwe weka baada ya kuhama.

Nisingependa tuanze ubishi wa Premiere na Resolve kama ule wa Bagika na Bagalu, kila upande na dawa zake. Mashabiki wa ngoma wanajua, siku ya mwisho kinachoangaliwa ni nani kavuta watu wengi upande wake. Mteja hajui umetumia nini. Anajua kama namba yake ni sahihi.

SHERIA YANGU NI HII

Kinachoweza kubadilika, unganisha. Kilichokwisha, renda. Basi.

Jina la msanii, namba ya simu, jina la bwana na bibi harusi, tarehe, logo ya mdhamini, hivi vinabadilika mpaka dakika ya mwisho, visifungwe mapema. Moshi uliouweka kwenye kiitikio na kila mtu kaupenda, huo renda upumzishe mashine. Na kazi ikishalipwa yote, usifute. Hifadhi folda nzima pamoja na fonti, na faili la mwisho pembeni, kwa sababu baada ya miaka mitano toleo jipya la programu linaweza kugoma kufungua linki za zamani.

Kuna jambo moja limebaki, na hili ni la mabosi wa studio. Ipo studio moja yenye jina, siitaji, ambako After Effects ipo kwenye kompyuta ya bosi peke yake na ina nywila. Madogo wanakata, wanarenda, wanampelekea bosi kwa fleshi, bosi anaweka jina, anarenda, anawarudishia. Bosi akisafiri kazi zinalala. Ukiuliza, unaambiwa ni siri ya kazi. Siri gani? Kuandika jina? Madogo wanalipwa kwa kazi moja iliyokamilika, hawalipwi kwa usiku. Kila kosa la tarakimu ni usiku wao mwingine wa bure, na wao ndio wanaotukanwa na mteja asubuhi. Bosi akitengeneza kiolezo kimoja akawaachia, siri zake zinabaki kwake na madogo wanalala.

Najua wapo watakaosema mteja wa Bariadi hajali mambo haya, yeye anataka aone ng'ombe, gari na mke wake kwenye video. Mimi nasema mteja wa Bariadi anajali, ila hajui kwamba anaweza kudai. Kwa hiyo wewe msanii unayesoma hapa, au dada unayepanga harusi yako mwezi wa 8, kabla hujatoa hata shilingi ya kianzio muulize fundi swali moja: "Jina langu likikosewa, utalirekebisha kwa muda gani?" Akisema dakika chache, kaa mwandikie jina na namba kwenye karatasi, herufi kwa herufi, na alama ya Ng' usiisahau. Akisema siku mbili na hela juu, mshukuru, toka, studio ziko nyingi.

Yule mzee wetu bado anapigiwa yule mama. Nasikia siku hizi mama amechoka, anajibu tu kwamba msanii amesafiri. Mialiko mingapi imepotea hapo, na pamba ndiyo hiyo inauzwa?

Mafundi, jiteteeni hapo chini kwenye maoni, matusi hapana. Na kama una njia yako ya kuunganisha inayofanya kazi kwenye mashine ya GB 8, iandike, kuna dogo Lamadi au Mwanhuzi ataisoma leo usiku.